Megawati za Rufiji, transfoma ya Nkololo: mjadala wa magari ya umeme unauliza maswali ya mtu mwingine

Ukifuatilia mjadala wa kuhama kutoka petroli kwenda umeme hapa Tanzania, iwe redioni, kwenye simu au kijiweni, utasikia pande mbili. Wa kwanza wanasema dunia imeshaamua, Norway karibu kila gari jipya ni la umeme, tukichelewa tutaachwa. Wa pili wanajibu kwa swali moja, na mara nyingi wanaondoka na ushindi: "Umeme wenyewe uko wapi?"

Zote mbili ni hoja za mtu mwenye gari. Tena gari dogo, la mjini, linalolala ndani ya geti. Sasa ukienda kata kama Nkololo, huku Bariadi, magari ya namna hiyo unayahesabu kwa vidole. Kinachobeba watu, gunia la choroko, mama mjamzito na mgonjwa wa malaria ni bodaboda. Juu yake kuna michomoko na Hiace kwa safari za kwenda mjini, na chini yake kuna baiskeli na mkokoteni wa ng'ombe. Kwa hiyo kama umeme utaingia kwenye usafiri wa huku, utaingia kwa magurudumu mawili, labda matatu. Mjadala unaoanza na gari umeanza mahali ambapo watu wengi hawapo.

Makala hii inazipitia hoja zinazorudiwa sana, moja baada ya nyingine, na kuziuliza zinasema nini kwa kijana wa Nkololo anayefikiria kuuza ng'ombe wawili ili anunue pikipiki. Hapo ndipo pesa halisi ilipo. Mtu wa Dar akikosea kununua gari la umeme atalalamika mtandaoni. Huyu wa kwetu akikosea, zizi limepungua na hakuna wa kumlipa.

Hoja ya kwanza: "Umeme wenyewe unatoka kwenye gesi, tofauti iko wapi?"

Hii inapendwa sana na wasomi wa kijiweni, na inaonekana ya kisayansi. Hebu tupige hesabu.

Lita moja ya petroli ina nishati ya takribani kilowati-saa 9, yaani sawa na uniti 9 za LUKU. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda, tuseme inakula lita 2.5 kwa kilomita 100. Hizo ni uniti 22 hivi. Lakini injini ndogo ya petroli inageuza takribani robo tu ya nishati hiyo, mara nyingi chini ya robo, kuwa mwendo. Iliyobaki inatoka kama joto. Kama umewahi kupanda bodaboda ukashuka vibaya, huenda una kovu la ekzosi kwenye shavu la mguu. Lile joto lililokuunguza ni petroli ambayo mwenye pikipiki aliilipia na haikumsogeza hata hatua moja.

Mota ya umeme haina tatizo hilo kwa kiwango hicho. Pikipiki ya umeme inaweza kwenda kilomita 100 kwa uniti 4 hadi 5 kutoka ukutani, ukijumlisha na zinazopotea kwenye chaja. Tuchukue 5, kwa sababu barabara zetu ni za vumbi, na masika udongo mweusi wa mbuga unashika tairi kama ugali wa jana.

Sasa tuje kwenye moshi. Kuchoma lita moja ya petroli kunatoa takribani kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Lita 2.5 ni karibu kilo 6. Kwa upande wa umeme, tuchukue hali mbaya kabisa: kila uniti imetoka kwenye mtambo wa gesi, na asilimia 15 imepotea njiani kwenye nyaya. Utahitaji uzalishe uniti karibu 6, na kila moja itoe takribani nusu kilo. Jumla ni kilo 3. Nusu ya petroli. Na hiyo ni kwa gesi tupu, wakati gridi yetu ina maji mengi: Kidatu, Kihansi, Mtera, na sasa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji.

Kwa hiyo hoja hii haisimami. Lakini waliozoea kuijibu wanafanya kosa la aina nyingine: wakishamaliza hesabu ya moshi wanadhani wameshinda mjadala mzima. Dereva wa Nkololo hakuuliza kuhusu moshi. Aliuliza kuhusu hesabu ya jioni.

Hoja ya pili: "Tuna megawati 2,115, umeme upo wa kumwaga"

Hii ni hoja ya mashabiki, na ndiyo inayonikera zaidi kwa sababu inatumia namba ya kweli kujibu swali ambalo namba hiyo haihusiani nalo.

Ni kweli, Bwawa la Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, na mwaka uliofuata yote 9 ikawa tayari. Uwezo wa bwawa hilo peke yake unakaribia mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima kwa wakati huo. Ni jambo kubwa na tulistahili kulifurahia.

Lakini megawati zipo Rufiji, na pikipiki ipo Nkololo. Katikati kuna laini za msongo mkubwa, vituo vya kupoza umeme, nguzo, na mwisho kabisa transfoma iliyoning'inia karibu na senta. Ushahidi kwamba kuzalisha na kufikisha ni mambo mawili tofauti tumeupata wenyewe: mwaka 2025, huku bwawa likikamilika, serikali ilitangaza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa umeme unaopotea ukisafirishwa umbali mrefu. Mkoa wetu wa Simiyu nao ndiyo maana ukawekewa mradi wa laini ya kilovolti 220 kutoka Shinyanga. Huwezi kuendesha mkoa mzima kwenye ncha ya waya mrefu.

Sasa shuka hadi kwenye transfoma. Vijijini, ya kVA 50 ni kitu cha kawaida. Chaja ya pikipiki inavuta takribani wati 800. Pikipiki moja haisumbui mtu; pasi ya umeme inavuta zaidi. Lakini weka pikipiki 50 zichaji kwa pamoja: kilowati 40. Weka muda huo uwe saa moja jioni, madereva wakiwa wamerudi na kila nyumba imewasha taa na televisheni, na mashine ya kusaga ya mzee fulani bado inamalizia magunia. Transfoma hiyo imezidiwa, hata kama Rufiji maji yamejaa hadi yanamwagika.

Dawa yake ipo, na si ya ajabu: pikipiki zichaji usiku wa manane. Tatizo ni kwamba bei ya LUKU ya mteja wa kawaida ni ileile saa moja jioni na saa nane usiku. Hakuna kinachomshawishi mtu asubiri. Nchi ikiwa na bei nafuu ya usiku kwa ajili ya kuchaji, tatizo la transfoma linapungua bila kununua transfoma mpya. Hilo ni swali la EWURA na TANESCO, na ndilo ningetamani kulisikia kwenye mijadala badala ya kurudiarudia 2,115.

Hoja ya tatu: "Umeme unakatika kila siku"

Hapa wapinzani wana pointi, ila wanaieleza vibaya. Wanachukulia kwamba umeme ukikatika, pikipiki inazima kama taa. Betri ni tangi. Umeme ukikatika baada ya kuchaji, unaendelea na safari zako. Swali la kweli ni tangi lina ukubwa gani na unalijaza mara ngapi kwa siku.

Chukua betri ya volti 72 na ampea-saa 40. Hiyo ni karibu uniti 2.9. Kwa matumizi yetu itakupeleka kilomita 60 na kidogo. Bodaboda anayepiga kilomita 100 kwa siku lazima achaji tena mchana, na kwa chaja ya wati 800 ni kama saa nne kujaza kabisa. Kwa hiyo umeme ukikatika usiku mzima, kesho yake yuko nyumbani. Ukikatika saa nne asubuhi ukarudi saa nane mchana, amepoteza zile kilomita 40 za mwisho, ambazo mara nyingi ndizo faida yenyewe, maana za mwanzo zililipa hesabu ya tajiri.

Kwa maneno mengine, kinachoumiza ni saa ya kukatika kuliko idadi ya kukatika. Na suluhisho lake ni betri ya akiba, au kituo cha kubadilishana betri kama vinavyofanya kazi Kigali na Nairobi. Huku kwetu jua nalo si haba. Paneli za kilowati moja zinaweza kutoa uniti 4 hivi kwa siku, karibu na mahitaji ya siku nzima ya pikipiki moja, na zinachaji betri ya akiba mchana wakati ile nyingine iko barabarani.

Tuseme na upande wa pili pia. Petroli tunaizungumzia kana kwamba haikatiki. Nchi yetu haina kiwanda kinachosafisha mafuta ghafi. Kila tone linaingia kwa meli. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha bei, serikali ililazimika kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Na bei elekezi ya EWURA ni ya sheli. Anayenunua petroli ya chupa dukani kijijini analipa zaidi ya hapo, na hakuna anayekuja kukagua chupa.

Hoja ya nne: "Umeme ni rahisi, utaokoa pesa"

Hii ni kweli. Lakini wanaoisema wanaacha mistari mitatu ya hesabu.

Tuanze na ile wanayoisema. Kilomita 100 kwa petroli, lita ikiwa shilingi 3,000, ni shilingi 7,500. Kwa umeme, uniti 5 kwa bei ya kawaida ya takribani shilingi 356 pamoja na kodi, ni shilingi 1,780. Tofauti ni shilingi 5,720 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni karibu shilingi 149,000 kwa mwezi. Ongeza na oili usiyobadilisha na plagi usiyonunua. Si pesa ndogo.

Sasa mistari iliyoachwa.

Mstari wa kwanza ni LUKU ya nyumbani. Kaya nyingi za kijijini ziko kwenye ile bei nafuu, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi matumizi yasizidi uniti 75 kwa mwezi. Pikipiki yetu inakula uniti 130 kwa mwezi. Ukiichajia nyumbani, unahamishwa kwenye bei ya kawaida, na hapo hata taa ya mama na redio ya babu zinalipiwa bei mpya. Kaya iliyokuwa ikitumia uniti 40 kwa shilingi 4,900 hivi itazilipia zaidi ya 14,000. Bado dereva ana faida, hilo sibishi. Ila faida ni ya dereva na ongezeko ni la nyumba nzima, na ni vizuri likazungumzwa mezani kabla ya ununuzi.

Mstari wa pili ni betri yenyewe, na huu ndio unaoweza kuua mtaji. Betri za lithiamu za aina inayoitwa kwa kifupi LFP zinaweza kuhimili mizunguko kama 2,000 ya kujaza na kumaliza kabla ya kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake. Kwa matumizi ya bodaboda wetu, mizunguko kama 480 kwa mwaka, hiyo ni miaka minne. Betri za asidi, ambazo zimejaa kwenye guta na pikipiki za bei nafuu, zikimalizwa kabisa kila siku hudumu mizunguko 300 hadi 500. Yaani mwaka, au pungufu. Pikipiki mbili zinaweza kufanana rangi hadi taa, moja ikawa na miaka minne ndani yake na nyingine miezi kumi. Mjadala unaosema "pikipiki ya umeme" bila kutaja aina ya betri ni kama kusema "nimenunua ng'ombe" bila kusema dume au jike.

Fikiria na mikataba yetu. Kijana anachukua pikipiki ya mkataba, anapeleka hesabu kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, halafu inakuwa yake. Ya petroli ikishakuwa yake imechoka lakini inauzika, na fundi yeyote wa senta anaijua. Ya umeme yenye betri ya asidi inakuwa yake siku ileile betri inapokufa. Amelipia chuma.

Kwenye mfumo wa kubadilishana, betri inabaki ya kampuni, kwa hiyo hatari ya kuchakaa si yako. Lakini na uhuru nao si wako. Betri za kisasa zinaweza kufuatiliwa na hata kuzimwa kwa mbali. Na mapato ya huku yana msimu: pamba ikianza kununuliwa mwezi wa tano pesa inazunguka, miezi ya njaa abiria wanatembea kwa miguu. Mkataba uliotungwa kwa ajili ya Nairobi, ambako abiria wapo kila siku, ukiletwa Nkololo bila kubadilishwa utazima pikipiki nyingi mwezi wa pili.

Mstari wa tatu ni kodi. Kila lita ya petroli ina tozo ya barabara ndani yake, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, yaani hizihizi za kwetu. Anayechaji kwa LUKU hailipi. Kwa bodaboda wachache haina shida, lakini wakiwa wengi serikali itaitafuta pesa hiyo kwingine. Magari ya gesi asilia yalipoanza kushika kasi Dar, bajeti ya 2024/25 ilikuja na pendekezo la tozo ya shilingi 382 kwa kilo. Na tumeshaona kodi ya jengo ikikusanywa kupitia LUKU tangu 2021. Anayekuahidi kwamba tofauti ya 5,720 itadumu miaka kumi anakuahidi kitu ambacho si chake.

Hoja ya tano: "Madini ya betri yako kwetu"

Hapa Simiyu hoja hii ina ladha ya pekee, kwa sababu nikeli ipo Dutwa, wilaya yetu hiihii ya Bariadi. Kampuni ya African Eagle iliitafiti mwishoni mwa miaka ya 2000, ikaondoka bila kuchimba. Watu bado wanasubiri.

Jambo ambalo halisemwi ni kwamba betri za LFP, zile zinazomfaa bodaboda, hazina nikeli hata chembe. Nikeli inakwenda kwenye betri za magari ya masafa marefu, yanayouzwa zaidi Ulaya na Marekani. Tena nikeli ya Dutwa iko kwenye mwamba wa aina ya laterite, ambao kuusafisha kunahitaji tindikali nyingi au joto kali. Indonesia wanayeyusha ya kwao kwa umeme wa makaa ya mawe. Kuchimba nikeli ni mjadala halali, lakini ni mjadala wa ardhi, maji na mikataba. Hauna uhusiano na swali la kama kijana wa Nkololo anunue pikipiki ipi.

Basi tufanye nini?

Mimi naona umeme utafika kwenye usafiri wa vijijini, na kuna sababu moja ambayo mashabiki wenyewe wanaisahau. Magari ya gesi yalileta foleni ndefu Dar kwa sababu vituo vilikuwa vichache, na gesi hiyo haina bomba la kuja huku. Umeme tayari una njia. REA imefikisha nguzo kwenye vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na kazi iliyobaki ni ya vitongoji. Hakuna nishati nyingine ya kuendeshea chombo yenye mtandao mpana hivyo.

Lakini kufika kwake kunaweza kuwa kwa heri au kwa kilio, na tofauti inategemea mambo madogo ambayo hayaingii kwenye vichwa vya habari: bei ya usiku, ukubwa wa transfoma, viwango vya betri zinazoingia nchini, mafundi wanaoweza kufungua kontrola bila kuichoma, na mikataba inayojua msimu wa pamba. Rwanda ilipoamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria Kigali ziwe za umeme, kampuni za kubadilishana betri zilikuwa zimeshafanya kazi pale kwa miaka kadhaa. Ukiiga tangazo ukaacha maandalizi, umeiga nusu.

Kwa sasa, kama kuna mtu nyumbani kwenu anafikiria kununua, mwambie asimuulize muuzaji kuhusu kasi wala kuhusu Norway. Amuulize: betri ni ya lithiamu au ya asidi? Ina uniti ngapi? Dhamana ni ya miaka mingapi, na imeandikwa wapi? Ikifa, mpya ni shilingi ngapi, na inapatikana Bariadi au hadi Mwanza? Nisipolipa mwezi mmoja, mnafanya nini?

Muuzaji akishindwa kujibu matano hayo, ng'ombe wabaki zizini kwanza.